Diploma ao mikono? Namna Kanada imechaguaga wageni wake toka 1872



Kila mwaka, kiisha sherehe ya kutoa diploma, swali moja linarudiaga kati yetu: ni nani Kanada inapokea kwanza kwa kukaa moja kwa moja, mwenye lisansi ao sudere? Wengine wanajibu bila kufikiri: mwenye lisansi, juu amesoma. Wengine siku hizi wanasema kinyume: weka diploma kwenye valizi, jifunze kuunganisha vyuma ao kuweka mabomba ya maji, utaenda. Pande zote mbili wanaongea sawa vile sheria ya Kanada ingekuwa jiwe. Lakini sheria ile imegeuka mara mingi, na kila mara iligeuka kwa sababu zake yenyewe, haikugeuka kwa sababu zetu.

Mimi nilisoma agronomia. Kwetu, mbele ya kusema udongo huu ni mzuri, unachimba shimo na kuangalia tabaka moja moja. Nimejaribu kufanya vile na historia hii.

1. Wakati mlango ulikuwa shamba

Kanada ilianza kama shirikisho mwaka 1867, chini ya taji ya Uingereza. Kiisha miaka 5, mwaka 1872, bunge lake lilipitisha sheria ya mashamba ya upande wa magharibi. Mtu alikuwa analipa dolari 10 za kuandikisha, anapewa ekari 160, ni kusema karibu hekta 65. Akikaa pale miaka 3, akijenga nyumba na kulima sehemu ya shamba, serkali inampatia hati na shamba linakuwa lake. Sisi wa Kivu, kwenye familia mingi zinalima chini ya hekta moja, tunaweza kuelewa uzito wa jambo hilo.

Lazima kusema pia kwamba udongo ule haukuwa mtupu. Ulikuwa wa wenyeji: Cree, Blackfoot, Métis na wengine. Kuanzia 1871 serkali iliwafanyisha mikataba, kiisha ikawasukuma kwenye sehemu ndogo ndogo. Kile mgeni alipewa, mwenyeji alikuwa amekipoteza.

Kati ya 1896 na 1905, waziri aliyeshika kazi hii aliitwa Clifford Sifton. Hakutafuta watu wa biro. Alitafuta wakulima wenye kuzoea baridi, na aliwatafuta mbali, mpaka Ulaya ya mashariki. Waukraine karibu 170 000 waliingia Kanada kati ya 1891 na 1914. Hakuna aliyewauliza cheti cha masomo, juu inchi ilikuwa na udongo mingi na mikono kidogo. Hata mbegu zilitafutwa kwa ajili yao: ngano inayoitwa Marquis, iliyochaguliwa na Charles Saunders, ilikuwa inaiva mapema kuliko ile ya zamani, kusudi baridi kali isiikute shambani.

Wazee wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kanada iligeuza methali hiyo: ilionyesha jembe kwanza, ukaribisho ukafuata.

2. Mikono inatakiwa, mwenye mikono hapana

Sasa tuingie tabaka la pili, na hili lina giza. Wakati ule ule inchi ilikuwa inajenga reli ya kuunganisha mashariki na magharibi. Katika milima ya British Columbia, kazi ya hatari zaidi ilifanywa na Wachina karibu 15 000. Walipasua mawe, walitumia baruti, mamia na mamia walikufa. Reli iliunganishwa tarehe 7 Novemba 1885.

Mwaka ule ule wa 1885, serkali iliweka kodi ya dolari 50 juu ya kichwa cha kila Mchina anayetaka kuingia. Mwaka 1900 ikawa dolari 100. Mwaka 1903 ikawa dolari 500, feza ambazo mfanyakazi hakuweza kuweka pembeni bila kutumika miaka. Mwaka 1923 mlango ulifungwa karibu kabisa kwa Wachina, na haukufunguliwa tena mpaka 1947.

Kuna jambo lingine linalotugusa sisi weusi. Kuanzia karibu 1905, wakulima weusi wa Marekani, wengi wa Oklahoma, walisikia matangazo ya ekari 160 na wakaanza kufika Alberta na Saskatchewan. Walikuwa wanajua kulima, wengine walikuwa na feza na wanyama wa kazi. Ni wao walianzisha kijiji cha Amber Valley. Lakini tarehe 12 Agosti 1911, serkali ilisaini amri ya kukataza watu weusi kuingia kwa mwaka mmoja, ikisema eti hawafai kwa hali ya hewa ya Kanada. Amri ile haikutumikishwa, na ilifutwa mwezi wa Oktoba mwaka ule ule. Lakini wakubwa wa mpaka walitumia njia zingine za kuwazuia: uchunguzi wa daktari, maswali mingi, na kuwatuma watu Oklahoma kuwavunja moyo.

Tuweke jambo hili akilini. Kwa miaka mingi, kuwa na kazi mikononi hakukutosha. Kwanza walitazama ngozi, kiisha jembe.

3. Waliojenga Toronto

Nyuma ya vita ya pili ya dunia, miji ya Kanada ilianza kukua haraka. Ilihitaji mamasoni, maseremala, watu wa kuchimba mitaro ya maji na njia za treni ya chini ya udongo. Waliokuja kwa wingi walikuwa Waitalia, na kuanzia 1953 Wareno pia, ambao wa kwanza waliitwa kwa kontra za mashamba na reli. Wengi walikuwa wamesoma kidogo tu. Mmoja akipata kazi, anaita kaka yake, kaka anaita binamu. Jamaa njo ilikuwa dosiye yao.

Maisha yao hayakuwa rahisi. Tarehe 17 Machi 1960, Waitalia 5 walikufa ndani ya shimo la bomba la maji mahali panaitwa Hogg's Hollow, Toronto. Moto ulianza chini, hakukuwa vyombo vya kutosha vya kuzima moto wala vya kuokoa watu. Kifo chao kilisukuma serkali ya Ontario kutengeneza upya sheria za usalama wa wafanyakazi. Yule anayekuambia leo kwamba fundi anaenda kule kula maisha tu, hajasoma ukurasa huu.

4. Mwaka 1967: kuanza kuhesabu

Mwaka 1962, waziri Ellen Fairclough aliweka kanuni mpya zilizotoa sehemu kubwa ya ubaguzi wa rangi katika kuchagua wageni. Kiisha, tarehe 1 Oktoba 1967, kukaja kitu ambacho inchi mingi zingine ziliiga nyuma yake: kuhesabu alama.

Mwombaji alipimwa juu ya alama 100, na alipashwa kupata 50. Masomo na mafunzo yalibeba 20. Uchunguzi wa afisa juu ya mtu mwenyewe, 15. Uhitaji wa kazi yake katika inchi, 15. Ujuzi wa kazi, 10. Umri, 10. Kuwa na kazi inayomungoja, 10. Kujua Kifaransa na Kiingereza, 10. Ndugu aliye kule, 5, na hali ya kazi katika eneo anakoenda, 5.

Angalieni vizuri hesabu hiyo. Masomo yana 20, lakini uhitaji wa kazi, ujuzi wake na kazi inayongoja, ukivijumlisha, vina 35. Fundi mzuri ambaye hakumaliza sekondari aliweza kupita. Rangi haikuandikwa tena popote. Ni kuanzia hapo Wahindi, watu wa Karibea, Wafilipino na Waafrika walianza kuingia kwa hesabu yenye kuwa wazi. Mlango haukuwa mpana kwa wote, juu biro za Kanada katika Afrika zilikuwa chache sana, lakini kwa mara ya kwanza mtu aliweza kujihesabu mwenyewe kabla ya kuomba.

5. Mwaka 2002: diploma inapanda juu

Miaka ya 1990 mawazo yaligeuka. Waliotengeneza sheria walianza kusema: kazi zinabadilika haraka, hatuwezi kujua ni fundi gani tutahitaji kesho, basi tuchukue mtu aliyesoma na anayejua luga, huyo atajigeuza mwenyewe. Sheria mpya iliingia kazini tarehe 28 Juni 2002. Masomo yakapanda mpaka alama 25 juu ya 100, luga 24, uzoefu 21, umri 10, kazi inayongoja 10, na urahisi wa kuzoea 10. Uhitaji wa kazi yako katika inchi ukatoka katika hesabu. Mwanzo waliomba alama 75, kiisha mwaka 2003 wakashusha mpaka 67.

Kwa mwenye diploma kubwa, ilikuwa wakati mzuri. Kwa fundi, mlango ulikuwa mwembamba sana. Hata cheti chake cha ufundi kilihesabiwa pamoja na miaka ya shule aliyokaa, na miaka ile njo ilikuwa inamkosekana.

Lakini nini kilitokea? Wenye diploma walifika, na wengi walikuta ukuta mwingine. Alama za uhamiaji zinakupa haki ya kukaa. Hazikupi haki ya kufanya kazi uliyosomea. Kazi ya daktari, ya injinia, ya muuguzi, inasimamiwa na vyama vya jimbo, na kila chama kina mitihani yake. Sisi wa agro tujue: katika Québec huwezi kujiita agronome kama hauko mwanachama wa Ordre des agronomes du Québec. Basi inchi ikajikuta na madaktari wanaoendesha taksi, na wakati ule ule makampuni ya kujenga na ya petroli katika magharibi yanalia hayana masudere. Hesabu ilichagua watu wenye akili, lakini haikuuliza wataweka akili ile wapi.

Majimbo hayakungoja. Manitoba lilikuwa limeisha kusaini mpango wake katika miaka ya 1990, wa kupendekeza lenyewe watu linaohitaji. Majimbo mengine yalifuata. Njia hiyo ya majimbo ilipitisha mafundi wengi kuliko njia ya serkali kuu.

6. Waliongoja miaka, kiisha dosiye zikafungwa

Hapa naomba msome polepole, juu sehemu hii njo inatuhusu zaidi.

Sheria ya 2002 ilikuwa na kasoro: kila aliyetimiza alama alikuwa na haki ya kutazamwa, hata kama inchi haina nafasi mwaka ule. Dosiye zikapandana sawa magunia ya mahindi katika ghala bila hewa. Watu walingoja miaka 5, 6, 7. Walikuwa wamelipa feza, walikuwa wametimiza kila kitu kilichoombwa.

Mwaka 2012, bunge lilipitisha sheria ya kufunga dosiye zilizowekwa mbele ya tarehe 27 Februari 2008 ambazo zilikuwa hazijapata uamuzi. Zilihusu watu karibu 280 000, wao na familia zao. Serkali ilirudisha feza za kuandikisha, lakini ile miaka haikurudishwa. Wengine walienda mahakamani, hawakushinda. Kati ya watu wale kulikuwa waliokataa kazi nzuri kwao, walioahirisha ndoa, waliokaa bila kujenga nyumba juu walikuwa "wanaenda kesho".

Hawakufanya kosa lolote. Walikuwa tu wameweka maisha yao yote juu ya kanuni ambayo mwenye nyumba aliweza kuigeuza asubuhi moja.

7. Tarehe 2 Januari 2013: mlango wa fundi

Miezi michache nyuma ya kufunga dosiye zile, waziri Jason Kenney alitangaza programu mpya ya mafundi tu. Ilianza tarehe 2 Januari 2013. Toka hesabu ya 1967 mpaka siku ile, ni miaka 45. Ilichukua muda huo wote kwa fundi kupata mlango wenye jina lake.

Hawakuomba diploma yoyote ya shule. Waliomba vitu vine. Kwanza, miaka 2 ya uzoefu katika miaka 5 iliyopita, katika ufundi ulio kwenye orodha: sudere, elektrisie, fundi wa mabomba, fundi wa mashine nzito, seremala, hata mpishi na mchinja nyama. Pili, kutimiza masharti ya kazi ile kama yalivyoandikwa kule Kanada. Tatu, luga ya kadiri: kiwango cha 5 kwa kusema na kusikia, cha 4 kwa kusoma na kuandika. Mwenye diploma, katika programu yake, anaombwa kiwango cha 7 pande zote. Ine, kontra ya kazi ya mwaka mmoja, ao cheti cha ufundi kilichotolewa na jimbo la Kanada.

Sharti la ine njo fundo. Cheti cha jimbo mara nyingi hakipatikani mpaka ufike kule kufanya mtihani. Na kontra inatoka kwa patroni ambaye lazima aonyeshe serkali kwamba amekosa mtu wa kule kule. Fundi wa Ufilipino ao wa Ireland ambaye ameisha kuwa Kanada na kontra ya muda, njia ilikuwa fupi. Fundi wa Kadutu ao wa Kenya ya Lubumbashi, njia ilikuwa ndefu sana, hata kama mikono yake ni ile ile. Na kwa mwaka wa kwanza waliweka mpaka: dosiye 3 000 tu.

8. Mafundi ndani ya shindano la wasomi

Tarehe 1 Januari 2015 ilianza Entrée express. Watu wote wanaotimiza masharti wanaingia katika orodha moja, wanapewa alama juu ya 1 200, na kila kiisha siku kadhaa serkali inaita walio juu. Kuandikisha jina katika orodha ni bure. Umri kati ya miaka 20 na 29 unapewa alama za juu, kuanzia 30 zinashuka, na ukifika 45 ni sifuri.

Kwa wasomi vijana ilikuwa habari njema. Lakini fundi alirudi nyuma tena: ameingia kwa mlango wake, kiisha anakuta ndani wanahesabu diploma. Sudere wa miaka 38 anashindana na mwenye masta wa miaka 27. Mara moja moja serkali ilifanya raundi ya mafundi peke yao, lakini zilikuwa chache na ndogo.

Nyuma ya korona, inchi ilihitaji nyumba mingi na haikuwa na wajenzi wa kutosha. Mwaka 2023 kanuni iligeuka tena: serkali ikaanza kuita watu kwa makundi. Makundi yalikuwa 6: afya, sayansi na ufundi wa juu, mafundi wa mikono, uchukuzi, kilimo na vyakula, na wanaojua Kifaransa. Tarehe 3 Agosti 2023 waliita mafundi 1 500 wenye alama kuanzia 388. Siku mbili mbele, raundi ya watu wote ilikuwa imeomba 517. Tofauti ile ya alama 129 haikutoka katika mikono ya fundi, juu hakuwa amejifunza kitu kipya katika siku zile mbili. Ilitoka katika nyumba ambazo hazijajengwa.

9. Na Kifaransa chetu?

Hapa kuna jambo ambalo sisi Wakongomani tunasahau. Luga tuliyoipata kwa njia ya ukoloni, ambayo mwalimu alikuwa anatuchapa nayo shuleni, leo ina bei kule. Kanada inataka Wafaransa-luga nje ya Québec wasipotee, na imeweka lengo: 6 kwa mia ya wageni wanaokaa moja kwa moja nje ya Québec mwaka 2024, na zaidi katika miaka inayofuata. Tarehe 29 Februari 2024, kundi la Kifaransa liliitwa kuanzia alama 336, wakati raundi za watu wote mwezi ule zilikuwa zinaomba zaidi ya 530.

Lakini msikimbie. Kiwango kinachoombwa ni 7 pande zote nne, na kinapimwa kwa mtihani unaotambuliwa, hakipimwi kwa kusema "nimesoma kwa Kifaransa toka primere". Tena lazima kwanza utimize masharti ya programu moja. Ile ya wenye diploma inaomba mwaka mmoja wa kazi bila kukatika, saa 1 560, kazi ya ujuzi yenye kulipwa. Staji bila mshahara haihesabiwi. Mwenye lisansi ambaye toka kutoka chuo hajapata kazi ya kulipwa, hata na Kifaransa cha kuandika kitabu, hajafika hata kwenye kizingiti.

Québec nayo ina mlango wake peke yake. Toka mapatano ya 1978, na zaidi yale ya 1991, inachagua yenyewe watu wake wa kazi. Mpango wake wa sasa, ulioanza mwisho wa 2024, una njia 4, na moja ni ya wenye kazi za kati na za mikono. Dosiye ya Québec na dosiye ya Kanada ingine ni vitu viwili. Anayekuambia ni kitu kimoja, labda hajui, ao labda anataka feza zako mara mbili.

Na tayari upepo umegeuka tena. Mwezi wa Oktoba 2024 serkali ilipunguza idadi: mwaka 2024 lengo lilikuwa watu 485 000, kwa 2025 likawa 395 000. Tarehe 25 Machi 2025 alama zilizokuwa zinatolewa kwa ajili ya kontra ya kazi ndani ya Entrée express zilifutwa. Wapo waliokuwa wamenunua kontra za uongo kusudi wapate alama zile. Walipoteza feza, na alama hazikuwepo tena.

10. Basi tushike nini?

Nikirudi kwa swali la mwanzo, jibu langu ni hili: Kanada haijawahi kuchagua kati ya diploma na mikono. Imechagua kila mara kile kilichokosekana kwake mwaka ule. Mwaka 1872 kilikosekana kilimo. Mwaka 1955 ilikosekana mikono ya kujenga. Mwaka 2002 walifikiri wamekosa wasomi. Mwaka 2023 wamekosa wajenzi na wauguzi. Mwenye kusoma historia hii hawezi tena kumwambia mdogo wake "acha masomo, jifunze kusude, utaenda", wala "maliza lisansi, ufundi ni wa walioshindwa". Uhitaji wa leo unaweza kuwa umeisha siku mdogo wako anamaliza mafunzo.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho kimebaki toka 1967, chini ya kila geuzo: uthibitisho. Kazi isiyoandikwa haihesabiwi. Na hapa njo tunapoteza watu wetu. Katika miji yetu kuna masudere wa miaka 15 ya kazi, wanatengeneza milango, meza, hata sehemu za malori, bila karatasi moja yenye kusema walifanya kazi, kwa nani, saa ngapi, kwa mshahara gani. Kwa hesabu ya Kanada, mtu yule hajawahi kutumika. Kwa hesabu ya kampuni ya migodi ya hapa hapa kwetu, ni vile vile.

Sisi wenye lisansi tunaweza kufanya kitu, na hakiombi visa. INPP ipo toka 1964, na kazi yake ni kufundisha ufundi na kutoa vyeti. Tunajua kuandika. Tunaweza kukaa na fundi wa avenue yetu, kumsaidia kushika kaye ya kazi: tarehe, kazi gani, kwa nani, bei gani. Tunaweza kumsindikiza aandikishwe kwa mtihani wa INPP, kumwandikia attestation ambayo patroni wake atasaini. Karatasi ile itamsaidia kama ataenda Kanada, itamsaidia pia kama ataomba kazi Kolwezi ao Kindu, ao kama anataka kukopa feza za kununua mashine.

Na tuwalinde wazazi wetu. Kuna watu wanaopita nyumba kwa nyumba wakiuza "kontra ya Kanada" kwa bei ya kiwanja. Mwambie mama: kuandikisha jina ni bure, kontra ya kweli haiuzwi, na mwanasheria ao mshauri wa kweli ana jina katika orodha rasmi kule kule Kanada ambayo unaweza kuitazama kwa simu. Kama mtu hataki umtafute katika orodha ile, jibu umeisha kulipata.

Anayeweza kwenda, aende, na Mungu amusindikize. Lakini asifanye sawa wale watu 280 000 ambao waliweka ndoa, nyumba na kazi pembeni kwa kungoja. Andikisha dosiye leo, na kesho asubuhi panda mahindi yako. Yakiiva kabla ya jibu kufika, utakula.